Springla za bustani Dodoma: mbele tope, nyuma ukoka unakauka. Taima niiwekeje?

Mwana_Ipagala

Wakuu, salaam. Naomba msaada wa ratiba ya springla za nyumbani. Niko Dodoma, udongo ni ule mwekundu wenye kichanga, ukikauka juu unafanya gamba. Mfumo uko hivi:

Zoni 1, mbele, mita 9 kwa 4.5, jua kutwa. Springla 6 za mwavuli (hazizunguki), nozeli za futi 15. Nne za kwenye kona ni robo duara, mbili za katikati ni nusu duara.

Zoni 2, ubavuni, mita 9 kwa 3, chini ya mwarobaini. Springla 8 za mwavuli, nozeli za futi 10, nne za robo na nne za nusu.

Zoni 3, nyuma, mita 10 kwa 10, jua. Springla 4 za kuzunguka, moja kila kona, nozeli za lita 6 kwa dakika.

Pampu ni hp 1, inavuta kwenye simtanki la lita 2,000 ambalo ndilo hilohilo la nyumba. Taima ni ya zoni 4. Nimeweka dakika 20 kila zoni, inawasha kila baada ya siku moja, na nimejaza saa tatu za kuanza, moja kwa kila zoni: 5:00, 5:20 na 5:40 asubuhi (saa za Kizungu).

Sasa mbele ni tope, maji yanatoka mpaka getini. Ubavuni majani yameanza ukungu. Nyuma yanakauka. Halafu kila siku ya kumwagilia, kwenye saa kumi na mbili na robo hivi tangi linakuwa tupu na pampu inaunguruma kavu. Niongeze nyuma iwe dakika 40, au ninunue tangi la lita 5,000?

---

Vali_Nne

Mkuu, tangi usinunue bado, na pampu izime leo kabla haijaungua.

Kosa ni hizo saa tatu za kuanza. Kwenye taima za aina hii saa ya kuanza si ya zoni, ni ya programu nzima. Saa 5:00 ikifika inapiga zoni 1, ikimaliza inaingia 2, halafu 3. Hiyo ni saa nzima. Wakati huohuo 5:20 na 5:40 zimeshapita, taima imeziweka foleni, kwa hiyo saa 6:00 inaanza upya zoni 1, na ikimaliza mzunguko huo inaanza wa tatu. Umeagiza mizunguko mitatu bila kujua.

Piga hesabu uone inavyolingana na malalamiko yako. Kwa presha ya bar 2, nozeli ya futi 15 hutoa karibu lita 3.5 kwa dakika ikiwa ya robo na lita 7 ikiwa ya nusu. Zoni 1 ina robo nne na nusu mbili: 14 + 14 = lita 28 kwa dakika. Nozeli za futi 10 ni kama lita 1.5 na 3, zoni 2 inatoka lita 18. Zoni 3 ni 4 × 6 = lita 24. Mzunguko mmoja wa dakika 20 kila zoni unakula lita 560 + 360 + 480, jumla 1,400. Mzunguko wa pili unaanza saa kumi na mbili kamili ukiwa na lita 600 tu tangini. Zoni 1 inachukua 560, na bomba la kufyonza haligusi kitako cha tangi, kwa hiyo hata hizo 560 huenda hazitimii. Ndiyo hiyo saa kumi na mbili na robo yako.

Maana yake zoni 1 inapata dakika 40, zoni 3 inapata 20, na zoni ya mbele ndiyo inayomwaga kwa kasi zaidi. Mbele panazama, nyuma pana kiu, na ukiongeza dakika za nyuma bila kufuta zile saa mbili za ziada utakausha tangi mapema zaidi tu.

Futa 5:20 na 5:40. Kwenye taima nyingi unarudisha saa nyuma mpaka ipite usiku wa manane na kioo kionyeshe OFF au vistari. Halafu ingia programu B na C (ratiba nyingine ndani ya taima hiyohiyo) uangalie kama nazo zina saa ya kuanza. Fundi akijaribu mfumo siku ya kwanza huacha saa kwenye programu B, na hiyo ndiyo inayowatesa watu miezi.

---

Bi_Umwagiliaji

Vali_Nne amemaliza la foleni. Mimi niingie kwenye dakika, kwa sababu "dakika 20 kila zoni" ni kosa la pili. Dakika si kipimo cha maji. Kipimo ni milimita, na ukumbuke milimita 1 juu ya mita moja ya mraba ni lita 1 kamili.

Chukua lita kwa saa ugawe kwa eneo. Zoni 1: 28 × 60 = 1,680, gawa kwa mita za mraba 40.5, unapata kama milimita 41 kwa saa. Zoni 2: 1,080 kwa 27, milimita 40. Zoni 3: 1,440 kwa 100, milimita 14.4. Yaani springla zako za mbele zinanyesha karibu mara tatu ya za nyuma. Ni kawaida, za mwavuli ndivyo zilivyo, ndiyo maana hazichanganywi na za kuzunguka kwenye zoni moja. Kwa ratiba yako mbele imekuwa ikipata karibu milimita 97 kwa wiki na nyuma 17.

Ukoka wa juani kwa kiangazi cha Dodoma chukulia unakunywa milimita 3.5 hadi 4 kwa siku, tuseme 26 kwa wiki. Springla hazigawi sawasawa, na upepo wa huko unachukua chake, kwa hiyo zidisha kwa 1.3: milimita 33 au 34. Nimetumia 33. Chini ya mti nimeanza na 20.

Zoni 1: 33 ÷ 41 ni dakika 48 kwa wiki, siku tatu, dakika 16 kila siku.
Zoni 2: 20 ÷ 40 ni dakika 30 kwa wiki, dakika 10 kila siku.
Zoni 3: 33 ÷ 14.4 ni dakika 137 kwa wiki, dakika 46 kila siku.

Ukizipiga zote siku moja ni lita 1,700 na zaidi. Tangi linatosha kwa shida na nyumba inaamka bila maji ya kunawa. Kwa hiyo zitenganishe kwa programu mbili.

Programu A: zoni 1 na 2 tu. Jumatatu, Jumatano, Ijumaa. Zoni 1 dakika 5, zoni 2 dakika 3, zoni 3 weka sifuri. Hapa ndipo saa tatu za kuanza zina kazi yake halali: 4:30, 5:15, 6:00. Jumla dakika 15 na 9, lita 582. Umepungukiwa dakika moja moja, usiihangaikie.

Programu B: zoni 3 peke yake. Jumanne, Alhamisi, Jumamosi. Dakika 23, saa za kuanza 4:30 na 5:30. Jumla dakika 46, lita 1,104.

Sababu ya kukatakata: udongo wako wenye gamba haumezi milimita 41 kwa saa. Mwaga dakika 16 mfululizo mbele na kuanzia dakika ya sita hivi utaona vidimbwi vinaungana na kushika njia ya getini. Dakika 5, subiri zizame, rudia. Kama hata dakika 5 zinatiririka, fanya 4 mara nne. Gamba lenyewe lichome kwa uma wa bustani, mashimo ya sentimita 10 kila kiganja, kabla hujalaumu taima.

Kwa wiki nzima ni kama lita 5,060, uniti 5 kwenye mita.

---

kaka_mshamba

Naona mnamchanganya mwenzenu kwa mahesabu. Dodoma jua kali, ukoka unataka maji kila siku jioni dakika kumi, basi. Mizizi haijui milimita.

---

Bi_Umwagiliaji

Mizizi inajua kabisa, kaka. Ukimwaga milimita 3 kila jioni, maji yanalowesha sentimita chache za juu, mizizi inabaki hukohuko juu. Umeme ukikatika siku mbili, ukoka unageuka majivu. Ukimwaga milimita 11 kwa mkupuo mara tatu kwa wiki yanashuka, na mizizi inayafuata. Kupima ni rahisi: saa moja hadi mbili baada ya kumwagilia chomeka bisibisi ndefu. Ikizama sentimita 15 bila kulazimisha, maji yamefika. Ikigota kwenye 5, hayajafika, hata juu pawe panang'aa.

Na jioni ni kuukaribisha huo ukungu wa zoni 2. Majani yanalala yamelowa saa kumi na mbili nzima. Alfajiri upepo umetulia, na jua likitoka linakausha majani ndani ya muda mfupi.

Kumwagilia kila siku kuna mahali pake: ukoka uliopandwa juzi. Wiki mbili za mwanzo dakika 2 au 3 mara tatu kwa siku, halafu unaanza kuachanisha.

---

Saa_Kumi_na_Moja

Nyongeza ndogo ambayo inaangusha wengi. Taima inasoma saa za Kizungu. Mtu ameambiwa "saa kumi na moja alfajiri", anaandika 11:00 AM. Hiyo ni saa tano asubuhi, upepo umeshaanza, nusu ya maji inaishia ukutani kwa jirani. Saa kumi na moja alfajiri ni 5:00 AM, au 05:00 kwa taima ya saa 24. Pia hakikisha saa ya sasa ya taima yenyewe haijakaa PM wakati ni asubuhi. Ratiba itakuwa sahihi na bustani italoweshwa jioni.

Umeme ukikatika, taima nyingi zinakumbuka ratiba ila zinasahau saa. Umeme ukirudi inaanza kuhesabu kutoka 12:00 AM. Weka ile betri ya akiba ndani ya kifuniko na uibadilishe kila mwaka hata kama hujaona dalili. Ukiona springla zinawaka saa za ajabu, jambo la kwanza ni kuangalia saa na siku kwenye kioo, si vali.

---

Mwana_Ipagala

Shukrani sana wakuu. Kweli, programu B ilikuwa na 6:30 PM ambayo siijui ilikotoka, ila siku zake zote zilikuwa zimezimwa. Nimefuta na kuweka kama Bi_Umwagiliaji alivyoandika.

Nimejaribu pia kupima nyuma kwa makopo 8 yanayofanana, dakika 30. Rula inasema: 9, 8, 8, 7, 7, 7, 4, 3. Hizo 4 na 3 ni za upande mmoja, karibu na springla ya kona ya ukutani. Niongeze dakika za zoni 3 ili hapo napo papate?

---

Vali_Nne

Hapana. Ukifukuza kona moja kwa dakika utafurika pengine pote.

Jumla ya makopo ni 53, wastani 6.6 kwa nusu saa, yaani milimita 13 kwa saa. Karibu kabisa na hesabu ya 14.4, kwa hiyo pampu yako haina tatizo. Sasa chukua robo ya makopo yenye maji kidogo, mawili, wastani wake 3.5. Gawa kwa 6.6: asilimia 53. Kwa springla za kuzunguka ningetaka 70 kwenda juu. Chini ya 60 ni kifaa cha kurekebisha, siyo ratiba.

Anza na ile kona. Washa zoni 3 kwa mkono uiangalie kwa dakika tano. Je, imesimama wima? Springla iliyoegama inachimba upande mmoja na kuruka upande wa pili. Je, kichwa kimezama chini ya majani? Je, inazunguka mpaka mwisho au inagota njiani? Je, mchirizi wake ni mfupi kuliko wa wenzake? Ukiwa mfupi, karibu hakika ni chujio. Zima, vuta kichwa juu, fungua nozeli, fungua kopo la ndani na utoe kile kichujio cha plastiki. Maji ya visima ya huko yana chumvichumvi, utakuta ganda jeupe na mchanga. Kiloweke kwenye siki usiku mzima, kisugue kwa mswaki wa zamani. Usitoboe nozeli kwa msumari. Tundu likipanuka, lita 6 zinakuwa 8 na hesabu yote ya zoni inaharibika.

Kabla ya kurudisha nozeli, washa maji sekunde kumi yasukume uchafu nje. Wengi wanaruka hatua hii na mchanga uleule unarudi kwenye tundu.

Kama vichwa vyote vinne vingekuwa na mchirizi mfupi, au maji yanaanguka kama pete kwa mbali huku katikati pakavu, hapo ningesema presha ndogo. Za kuzunguka zinataka bar 2.5 hadi 3.5 kwenye kichwa. Kinyume chake, ukiona ukungu mwembamba kwenye zile za mwavuli, presha imezidi bar 2 kwa mbali na upepo unabeba maji yako.

---

Pampu_na_Floti

Nimesoma mpaka hapa hakuna aliyerudi kwenye pampu kunguruma kavu. Ratiba nzuri haitoshi. Siku mgao usipokuja na nyumba ikatumia maji, taima haitajua.

Ndani ya tangi ning'iniza floti ya umeme, ipange ikate ikibaki kama lita 500. Hizo 500 ni za nyumba. Floti iungwe mfululizo na koili ya relei ya pampu (swichi inayowashwa na umeme mdogo), siyo kwenye waya mkubwa wa pampu, mguso wake hautadumu. Relei yenyewe inachukua volti 24 kutoka kwenye ncha ya taima iliyoandikwa P/MV. Usithubutu kuunga pampu moja kwa moja kwenye ncha hiyo, utachoma taima. Pale pametengenezewa koili ndogo tu.

Jambo la kujua: floti ikikata, taima haisimami. Inaendelea kuhesabu dakika huku hakuna maji, kisha inakwenda zoni inayofuata. Kwa hiyo asubuhi ukikuta tangi liko kwenye alama ya floti, chukulia kuna zoni ilikosa, na uipige kwa mkono jioni ile maji yakijaa. Siku moja ya jioni haitaleta ukungu.

Kupima lita halisi usitegemee mita ya mamlaka, iko kabla ya tangi. Pima kushuka kwa maji tangini. Tangi lenye kipenyo cha mita 1.2, kila sentimita ni kama lita 11. Washa zoni moja dakika 10, koki zote za nyumba zimefungwa. Zoni 1 inapaswa kushusha sentimita 25 hivi. Ikishusha 35, kuna bomba limepasuka chini.

---

Mwana_Ipagala

Kichujio kilikuwa na ganda kama la yai. Kimelowekwa. Swali la mwisho: hii ratiba ni ya mwaka mzima? Na zoni 2, majani ya karibu na shina la mwarobaini yamekuwa membamba sana, dakika 9 zinatosha kweli?

---

Bi_Umwagiliaji

Dakika usiziguse, tumia asilimia. Karibu taima zote zina kitufe cha msimu, kinaongeza au kupunguza zoni zote pamoja. Ratiba niliyokupa iwe 100. Juni na Julai kukiwa na baridi na mawingu, shuka 80. Oktoba hadi mvua zianze, joto na upepo vikiwa juu, panda 115 au 120, ila angalia floti: programu B kwa 120 ni lita 1,325. Mvua zikishika, Desemba hivi, geuza swichi iwe OFF bila kufuta kitu, na uiwashe wiki zile kavu zinazojitokeza katikati ya masika yenu, Februari hasa. Mvua ya chini ya milimita 5 usiihesabu. Ikinyesha 15 kwa mkupuo, ruka siku mbili za kumwagilia. Kopo moja likae wazi bustanini, ndilo kipimo chako cha mvua.

Kujua kama 100 ni nyingi au kidogo, usingoje njano. Tembea juu ya ukoka mchana kabla ya siku ya kumwagilia. Nyayo zikibaki zimelala na rangi imeelekea bluu ya kijivu, panda asilimia 10. Zikiinuka mara moja kwa wiki mbili mfululizo, shuka 10.

Zoni 2 uko sahihi kushuku. Kivuli kinapunguza kiu ya ukoka, lakini mizizi ya mwarobaini inakunywa pale pale. Chomeka bisibisi sehemu mbili, karibu na shina na mbali nalo, asubuhi ya siku ya kumwagilia. Ikigota karibu na shina na kuzama kwa mbali, mti ndio unaoshinda. Weka dakika 4 badala ya 3 kwa kila mzunguko na uone baada ya wiki mbili. Ikizama kote, maji yapo na kinachokosekana ni mwanga, punguza matawi ya chini. Ule ukungu uliopo usiumwagie dawa kwanza, utazame wiki tatu kwa ratiba hii.

---

Vali_Nne

Na zile sehemu za nyuma zilizokufa kabisa, ukipandikiza vipande vipya usibadilishe taima kwa ajili yao. Vimwagilie kwa mpira wa maji, asubuhi na saa nane mchana, wiki mbili. Kipande ukikivuta kidogo kikakataa kung'oka, kimeshika, kiachie springla.